Bibi na babu wanapodekeza wajukuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wazazi wa Mwanza na mwambao wa ziwa ambao likizo ya Juni au Desemba ikikaribia wanaanza kujiuliza mtoto akienda kwa bibi atarudi yuleyule au mwingine. Ni wa mabibi na mababu pia. Maswali yao yako kuelekea mwisho. Humu "bibi" ni mama wa mzazi, si mke wa mtu.

Mzee aliyetulea kwa fimbo leo anapandwa mgongoni na mjukuu, anacheka. Kabadilika, au zamani alikuwa anajifanya?

Hakujifanya, na hajabadilika sana kama unavyodhani. Kilichobadilika ni kazi aliyonayo. Alipokuwa na miaka 32 alikuwa na kodi ya nyumba Igoma, au shamba la pamba Magu linalosubiri palizi, na watoto watano ambao wakiharibika jina litakalochafuka ni lake. Kwa mjukuu hana hesabu hiyo. Mtoto akivuruga shuleni, atakayeitwa na mwalimu ni wewe.

Kuna sababu nyingine tatu zinazoenda pamoja na hiyo. Kwanza, ameshaona mwisho wa mambo mengi: yule aliyekojoa kitandani mpaka darasa la tatu leo ana familia yake, kwa hiyo la mjukuu halimtishi. Pili ni mwili. Kumkimbiza mtoto wa miaka minne kuzunguka nyumba na goti bovu si mchezo, na "haya chukua" inachosha kidogo kuliko "hapana" inayohitaji kusimamiwa nusu saa. Tatu ni majuto, na hili wazee hawalisemi. Wengi wanajua walipiga kuliko ilivyohitajika. Kukuomba msamaha wewe wa miaka 40 hawawezi, basi deni wanamlipa mtoto wako.

Ni sisi tu, au ndivyo ilivyo dunia nzima?

Karibu dunia nzima. Mwanaanthropolojia Mwingereza Radcliffe-Brown aliandika mwaka 1940 kuhusu utani na kueleza kwamba vizazi viwili vinavyopakana hukazana, kwa sababu kimoja kina amri juu ya kingine, lakini vinavyorukana hulegeana. Usukumani hilo halihitaji kitabu. Mjukuu anaweza kumwambia guku wake, yaani babu, neno ambalo baba yake akilitamka patachimbika.

Karibu zaidi na kwetu, kandokando ya Ziwa Eyasi, Kristen Hawkes na wenzake waliwafuatilia Wahadzabe, watu wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, kuanzia miaka ya 1980. Waliona kwamba mama akishajifungua mwingine, yule mtoto aliyeachishwa ziwa huongezeka uzito kwa kadiri bibi anavyojituma kuchimba mizizi. Kwa hiyo bibi anayemtafutia mjukuu cha kutafuna kila apitapo anafanya kazi ya zamani mno. Shida ni kwamba siku hizi anachokipata karibu ni soda.

Mwaka 2021 timu ya James Rilling wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, ilipima ubongo wa mabibi 50 wakitazama picha. Kwa picha ya mjukuu ziliamka zaidi sehemu za kuhisi anachohisi mwingine. Kwa picha ya mtoto wao mtu mzima ziliamka zaidi sehemu za kujaribu kumwelewa. Mjukuu akilia, bibi analia naye; wewe ukilia, anajiuliza una nini.

Kwa nini mama anamwita mwanangu wa miaka mitano "mume wangu", na baba anamwita binti yangu "mchumba"?

Ni utani huohuo. Una faida moja ambayo wazazi hawaioni: mtoto anapata mtu mzima wa kumweleza yale anayoogopa kukueleza wewe. Ukisikia neno lililovuka mpaka, au utani wa kushikana mtoto asioutaka, ukatae palepale hata kama ni mbele ya wageni.

Kudekezwa kunamharibu mtoto kweli?

Upendo mwingi haumharibu. Kinachomvuruga ni amri mbili zinazogongana kwa wakati mmoja juu ya jambo moja: mama kasema usile pipi kabla ya chakula, bibi anaitia mfukoni mwake mama akiwa bado anaongea. Hapo mtoto anajifunza kwamba "hapana" ya mama ina mlango wa nyuma, na atautafuta kila mara.

Sheria tofauti katika nyumba tofauti hazina tatizo. Mtoto wa miaka minne anajua kabisa kwamba kwa bibi Sengerema analala saa nne usiku, na Buhongwa analala saa mbili. Shida huwa kubwa pale bibi na wazazi wanapoishi nyumba moja, na huko ndiko mazungumzo yanahitajika zaidi.

Basi yapi tuwaachie wazee, na yapi tusiwaachie?

Tunashauri kigezo kimoja: likikosewa leo, kesho linarekebishika? Kama ndiyo, waachie. Kuchelewa kulala wakati wa likizo, kula kwa mkono badala ya kijiko, kuvaa gauni la sikukuu siku ya Jumanne, kubebwa mgongoni akiwa na miaka mitano, kusamehewa sahani iliyovunjika, hadithi za fisi kabla ya kulala: yote hayo ni mali yao. Ukiyapigania utachoka, na siku ya jambo zito hutasikilizwa.

Yasiyorekebishika ni machache, na hayo hayana likizo. Maji ya ziwa. Dawa ambazo hazikutoka kituo cha afya. Kisu cha aina yoyote kinywani mwa mtoto. Chandarua. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Kupakiwa bodaboda watoto watatu. Kuonja pombe, hata ya kuchovya kidole. Kumwachia mtu ambaye mtoto mwenyewe amesema hamtaki. Orodha ikizidi kumi, umeanza kuchanganya usalama na mazoea yako.

Soda na pipi: kiasi gani si tatizo?

Chupa ya soda ya kola ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, sawa na vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtoto wa miaka mitano, asilimia 10 ni kama gramu 30. Chupa moja imeshavuka, na hapo hujahesabu vijiko vitatu ambavyo bibi katia kwenye uji ili "ushuke vizuri".

Mpango unaofanya kazi: chini ya miaka miwili, soda na juisi za boksi hakuna kabisa. Zaidi ya hapo, siku moja ya wiki, nusu chupa, pamoja na chakula, kisha mswaki. Siku aichague bibi mwenyewe. Akiichagua yeye anailinda; ukimpangia ataizunguka. Wengi huchagua Jumapili baada ya kanisani, au Ijumaa.

Usimwachie bibi mikono mitupu siku nyingine. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, vimewalea watoto wa kanda hii miaka mingi, na utamu wenyewe umo humohumo ndani ya kiazi. Vichemshwe mpaka vilainike, maana vikavu humpalia mtoto mdogo. Maembe, ndizi na mananasi ya Sengerema ni zawadi kamili. Karanga nzima na pipi ngumu zisubiri mtoto afikishe miaka mitano, si kwa ajili ya sukari bali kwa ajili ya koo. Asali isiguse ulimi wa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Inaweza kubeba vimelea ambavyo tumbo lake haliwezi kupambana navyo.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walipitia tafiti 56 kutoka nchi 18 na kukuta wajukuu wanaolelewa sana na wazee huelekea kupewa vitu vitamu kupita kiasi, tena kwa nia njema. Mwonyeshe mzee hilo ukitaka, lakini vijiko tisa vya sukari vilivyomiminwa kwenye kisahani mbele yake vinaongea kuliko utafiti.

Bibi anamlisha sato mtoto wa miezi minane. Naogopa miiba.

Samaki ni chakula kizuri kuanzia miezi sita. Tena mwangalie bibi mzoefu anavyofanya kabla hujamkataza. Anaacha tumbo, kwa sababu mbavu ziko huko, anachukua mnofu mnene wa juu ya uti wa mgongo. Anaupondaponda kati ya dole gumba na kidole cha shahada, polepole, macho yako kwingine kabisa, kwa sababu mwiba unatafutwa kwa ngozi ya kidole na si kwa jicho. Akiridhika anaukandamiza tena kwenye ukingo wa sahani, ndipo anauchanganya na ugali laini na mchuzi. Wewe unayechambua kwa uma ukiwa na simu mkono wa pili ndiye wa kuogopwa.

Minofu ya sangara ni rahisi zaidi kwa anayeanza, maana miiba midogo ni michache. Dagaa wanafaa sana ila wana kazi yao: ng'oa kichwa na tumbo, osha mara tatu au nne mpaka maji yasiache mchanga chini (waliokaushwa juu ya chanja wana mchanga kidogo kuliko walioanikwa chini), kaanga bila mafuta mpaka wakatike kwa kuvunjwa, saga, chekecha. Kijiko kimoja cha chai kwenye bakuli la uji kinatosha kuanzia.

Kosa moja la wazee linahitaji kusemwa wazi. Mwiba ukikwama, usimpe mtoto tonge kubwa la ugali ameze ili "uushushe". Tonge huuzamisha zaidi, na kwa mtoto mdogo lenyewe linaweza kuziba njia ya hewa. Kama anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, kisha mpeleke kituoni. Kama hewa haipiti na sauti haitoki, mwinamishe na umpige mapigo matano kati ya mabega kwa kiganja. Ikishindikana na hajafikisha mwaka, mgeuze na umbonyeze katikati ya kifua mara tano kwa vidole viwili. Aliyezidi mwaka, simama nyuma yake umbane tumbo juu ya kitovu, kwenda ndani na juu, mara tano. Rudia kwa zamu huku mwingine akitafuta usafiri.

Mama mkwe anampa mtoto wa miezi mitatu maji na uji mwepesi. Anasema ziwa halimtoshi.

Kwa miezi sita ya mwanzo ni maziwa ya mama tu, hata joto liwe kali vipi. Maji hujaza tumbo dogo, mtoto ananyonya kidogo, maziwa yanapungua, kisha kweli hayatoshi, na bibi anaonekana alisema kweli. Ongeza kuhara kutokana na chombo kisicho safi.

Kubishana naye nyumbani hakusaidii. Nenda naye kliniki siku ya kupima uzito, mwombe muuguzi awaeleze wote wawili kwa pamoja, na mtazame mstari wa ukuaji kwenye kadi. Halafu mpe bibi kazi ya kweli: kumwogesha, kumcheulisha, kumbeba alasiri wewe ulale. Na mwahidi kwamba kijiko cha kwanza cha uji, siku ya miezi sita, kitatoka mkononi mwake.

Wanataka kumkata kimio, au kung'oa "meno ya plastiki". Wanasema ni huruma.

Hapana. Hili halijadiliwi. Kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni, ni kiungo cha kawaida na si chanzo cha kikohozi. Kukikata kunaleta damu nyingi, pepopunda, maambukizi ya VVU na mengine kutokana na kisu. Kinachoitwa meno ya plastiki ni machipukizi ya meno ya utotoni yanayoonekana meupe chini ya ufizi. Homa na kuhara kunakosingiziwa meno kuna sababu nyingine, mara nyingi maji machafu au malaria, na ile inaendelea kumla mtoto wakati nyinyi mnachimba fizi.

Mweleze bibi dalili nne za kukimbilia kituo cha afya bila kusubiri ruhusa yako: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, kapata degedege, au kalegea na haamki vizuri. Kwa kuhara: pakiti moja ya ORS, dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, kwenye lita moja kamili ya maji safi. Si glasi moja, wala si "kidogo kidogo mpaka iishe wiki". Ikipita saa 24 ilimwage. Pamoja na hiyo zinki, miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, kwa mwenye miezi sita na zaidi. Chini ya hapo miligramu 10.

Babu anakaa mita mia kutoka ziwani na watoto wanaoga huko. Nimkatalie?

Mkatalie kuogea kwenye maji yaliyotulia yenye majani. Konokono wa kichocho wako hapo, na vimelea huingia kwa kupenya ngozi, si kwa kumeza tu. Maji ya kuogea yachotwe na yakae siku mbili kabla ya kutumika, au yachemshwe. Akishaingia ziwani, kupimwa na kupewa prazikwanteli, dawa ya kichocho, ni jambo la kawaida kituoni. Kipimo cha dawa hutegemea uzito, kwa hiyo asipewe nusu ya iliyobaki ya kaka yake. Dalili si mkojo wa damu peke yake. Mwambaoni zaidi ni choo chenye damu na tumbo linalouma lisiloisha.

Kuzama ni hatari ya haraka zaidi. Mtoto wa chini ya miaka mitano awe umbali wa mkono wa mtu mzima, si umbali wa jicho. Babu aliyeketi chini ya mwembe akisema "nawaona" hawaokoi. Matete na magugu, hasa jioni, ni makazi ya viboko na mamba. Ndani ya mtumbwi au boti, jaketi okozi la saizi ya mtoto, limefungwa. La mtu mzima linamtoka kichwani akiingia majini.

Nani anapaswa kuongea na wazee?

Mtoto wao wa kumzaa. Mke asiende kumkosoa mama mkwe, na mume asiende kumwelekeza mkwewe. Hata ukiwa sahihi kwa kila neno, kitakachokumbukwa ni nani aliyesema. Kikwazo cha kawaida ni mume anayekubali nyumbani kisha akifika kwa mama yake anakula, anaaga, anarudi na kusema "nimemwambia". Kama ndivyo, nendeni wote, yeye aongee, wewe ukae karibu.

Msiende siku mliyogundua kosa. Msiseme mbele ya mtoto, wala kwa ujumbe wa sauti kwenye kundi la ukoo. Nendeni mkono uwe na kitu, sukari au kitenge, mle kwanza. Anzeni na shukrani ya jambo mahususi, kwa mfano jinsi alivyomfundisha mtoto kuamkia. Kisha jambo moja, mkizidi sana mawili. Likae kama ombi la msaada: "Mama, nimekuja unisaidie. Daktari kaona meno ya huyu yameanza kutoboka. Nikimkataza mimi hanisikii, wewe anakusikia. Tufanyeje?" Halafu nyamaza. Ukijaza ule ukimya kwa maelezo umeharibu. Mwache afikiri, na atakachopendekeza kikifikia hata nusu ya ulichotaka, chukua.

Mzee akiwa mgumu kabisa, pitia kwa shangazi au baba mdogo wanayeheshimiana. Hiyo ndiyo njia ya kwetu, si umbeya.

Wanajibu, "Mbona nyie mlikula hayohayo mkakua?"

Usijibu kwa takwimu. Jibu: "Ni kweli mama, na umetulea. Ila kwetu soda ilikuwa ya Krismasi tu, sasa duka liko mlangoni." Hiyo ni hoja ya haki, na inamwacha na heshima yake.

Mwanangu akikosea, mama anamkingia kifua. Mimi kwa kosa hilohilo nilichapwa. Naumia, na naona aibu kuumia.

Ni kawaida na si wivu wa kitoto. Unaona kumbe upole ulikuwepo, ukajiuliza kwa nini haukukufikia. Tenganisha mambo mawili. Kuhusu mtoto: unachokitaka sasa hivi kifanyike? Kuhusu wewe: je, unahitaji kumwambia mama? Ukihitaji, chagua siku nyingine kabisa, mkiwa wawili, mkichambua mchicha au mkisafiri pamoja, macho yakiwa kwenye kitu kingine. Usitegemee "nisamehe". Wazee wengi watasema "tulikuwa hatujui" na kubadilisha mazungumzo. Mara nyingi hiyo ndiyo yenyewe.

Akirudi kutoka likizo hasikii kabisa. Tuanzie wapi?

Mpe siku tatu. Siku ya kwanza usiseme chochote kuhusu utii. Aoge, ale, asimulie. Siku ya pili rudisha mambo mawili tu, muda wa kulala na muda wa simu. Kama kwa bibi alilala saa nne, rudisha nusu saa kila usiku badala ya kulazimisha saa mbili mara moja. Siku ya tatu rudisha kazi zake za nyumbani. Akisema "kwa bibi tunaruhusiwa", jibu ni "kwa bibi ni kwa bibi, hapa ni hapa". Usiongeze neno baya juu ya bibi, maana litafika Sengerema kabla yako. Na panga arudi siku nne au tano kabla shule kufunguliwa, si Jumapili jioni.

Babu anampa simu siku nzima aangalie katuni.

Mara nyingi ni kwa sababu kachoka. Mpunguzie muda wa kukaa na mtoto peke yake, weka bando dogo, na upakue vipindi vichache badala ya kuacha simu ijichagulie yenyewe.

Kila akiondoka kwa bibi ana sarafu mfukoni.

Unalijua lile fundo la pindo la khanga linalofunguliwa kwa meno, sarafu ya 500 ikiwa na joto la mwili bado. Usimnyang'anye mtoto, na usimrudishie bibi. Vyote viwili ni matusi. Nunua kibubu kikae kwa bibi, na sarafu ziingie humo. Kivunjwe Desemba, bibi akiwepo, wanunue kitu kinachoonekana: viatu vya shule, au vifaranga viwili. Inakuwa vibaya pale hela inapotumika kununua siri, "usimwambie mama yako". Hiyo ikatazwe wazi, maana mtu mwenye nia mbaya hutumia maneno hayohayo.

Anampendelea mjukuu mmoja waziwazi.

Mara nyingi ni aliyepewa jina lake, au wa binti yake, au aliyeishi naye. Huwezi kumpangia moyo. Unaweza kumpa nafasi ya kukaa na yule mwingine peke yake, siku mbili bila kipenzi kuwepo. Upendeleo mwingi ni mazoea tu. Kama ni zawadi, mwombe zitolewe faragha.

Mimi nipo Dar es Salaam kikazi, mtoto anaishi na bibi moja kwa moja. Ushauri huu unanihusu?

Kwa sehemu, na kwa kugeuzwa. Kanda hii inajua mabibi walezi tangu Ukimwi ulipogundulika Kagera mwaka 1983 na kuacha watoto wengi mikononi mwa wazee. Leo ni machimbo ya Geita, kambi za uvuvi visiwani na kazi za mijini. Bibi mlezi hawezi kudekeza kama bibi mgeni, kwa sababu kesho asubuhi ndiye atakayemwamsha mtoto aende shule. Tena anayedekeza hapo ni wewe: unakuja mara mbili kwa mwaka na mabegi ya zawadi, unafuta amri zake kwa siku nne, unaondoka. Umechukua nafasi ya bibi na kumwachia ya mama.

Kwa hiyo: tuma kiasi kilekile, tarehe ileile, hata kikiwa kidogo, kinachomchosha mzee ni kutojua. Mwachie kadi ya kliniki, nakala ya cheti cha kuzaliwa na barua yako ya kumtambua kama mlezi, na mtambulishe kwa mwalimu wa darasa na mwenyekiti wa mtaa. Ukija, muulize sheria za nyumba yake na uzifuate. Kukiwa na mgogoro wa matunzo au ukatili, ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ndiyo mahali pa kuanzia, na namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure.

Mimi ndiye bibi. Wananikataza hata pipi moja. Huyu si damu yangu?

Ni damu yako, ila hukabidhiwi kazi ileile. Waombe wakupe vitu vitatu ambavyo ni vyako peke yako na wasiviingilie. Wape nao vitatu wasivyotaka viguswe. Na usimwambie mtoto "mama yako mkali", hata kwa kutania. Atalibeba neno hilo na kulitumia siku mbaya.

Naruhusiwa kumchapa mjukuu akinishinda?

Usimchape. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza ukatili na adhabu za kudhalilisha, na mkono uliochoka hauna kipimo. Mwondoe penye tatizo, mkalishe karibu nawe mpaka atulie, kisha mpigie mzazi wake simu. Kama kila siku anakushinda, huo ni ujumbe kwamba siku ni nyingi mno kwako. Sema. Mzee wa miaka 70 na watoto watatu wa chini ya miaka sita kwa mwezi mzima ni kazi ya watu wawili, na kijana wa kusaidia aletwe pamoja na watoto.

Nimfungashie nini anapokwenda Ukerewe au Sengerema kwa wiki tatu?

Chandarua chake, hata kama wanacho. Kadi ya kliniki. Pakiti nne za ORS na zinki. Parasetamoli ya maji na bomba lake la kupimia, na kipimo kimeandikwa kwa kalamu nzito juu ya chupa kwa uzito wa mtoto, mililita ngapi, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. "Kijiko kimoja" cha bibi mmoja ni viwili vya mwingine. Kandambili, shuka, mswaki, daftari moja na penseli. Namba zako mbili kwenye karatasi, maana simu ya babu huzimika. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, anayeenda Sengerema hasubiri tena kivuko hapo. Wa Nansio, kule Ukerewe, bado anapanda meli, kwa hiyo mvalishe kitu cha rangi kali, mwonyeshe jaketi zinakokaa kabla haijang'oa nanga, na mkabidhi mkono kwa mkono kwa mtu anayemjua. Hela ya bibi itume kwa simu kabla mtoto hajafika, si baada ya kuombwa.